Masika ya Kuhema kwa Mdomo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo na pua yangu imefunga kabla ya madirisha ya jirani. Wengine hujua masika yamefika kwa mawingu, mimi hujua kwa ulimi. Ukihema kwa mdomo usiku kucha, asubuhi ulimi unakuwa kipande cha gunia. Daktari mpya wa pua, nitakayemwona Jumamosi, ameniambia kwa simu niandike kila siku nimelalaje, na tundu lipi limekubali kupitisha hewa. Haya, naandika. Ila najijua, sitaishia kwenye matundu.

Jumatano, 5 Machi

Kulia limefunga. Kushoto limefunga. Nimelala nimekaa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa daktari. Ni mwanamke mnene mwenye mikono midogo, hasemi "pole" wala "usijali", na kwa hilo nimempenda. Alimulika ndani, akamulika tena, kisha akauliza, "Aliyekufanyia hii alikuwa anawahi wapi?"

Miaka sita iliyopita tulikwenda kwa mtu huyo kupunguzwa pua, mimi na dada yangu, wiki moja, chumba kimoja, tukicheka kama tunakwenda kusuka. Pua zetu zilikuwa za marehemu baba, ndefu, zenye mgongo uliosimama. Shuleni walituita Mabomba. Dada alikuwa Bomba Kubwa, mimi Bomba Dogo. Wazo lilikuwa lake, ila sisemi alinikokota. Nilikuwa mtu mzima na nilitaka. Yake ilitoka pua ya kupigiwa picha. Yangu ilitoka vizuri kwa kama mwaka mmoja, halafu ikaanza kubonyea katikati kama paa lililoliwa na mchwa. Mkono uleule, kisu kilekile. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, walisema wahenga. Mimi niliilalia kitanda cha hospitali.

Daktari alinichorea nyuma ya bahasha. Kuna kazi mbili. Ya ndani ni kuchukua gegedu kidogo la sikio, ule mfupa laini, na kuziegemeza kuta za pua zisibanane ninapovuta hewa. Ya nje ni kuchukua gegedu la ubavu na kuinua mgongo ulioporomoka, uwe karibu na ulivyokuwa. Anaweza kufanya zote mbili, au ya ndani peke yake. Lakini ni mara moja tu.

"Ngozi hii ina makovu juu ya makovu," alisema. "Nikitoka humo sirudi tena. Na atakayekwambia yeye atarudi, mkimbie."

Nataka zote mbili. Naandika wazi nisije nikajifanya mtakatifu baadaye. Nataka kuhema, na nataka uso wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia mama kazi zote mbili. Tunaishi wawili tangu dada aolewe, na mama ana namna yake ya kupokea habari, anaendelea kukunja nguo. Alikunja shuka, akakunja foronya, akasema, "Ulikatwa mara moja, hukukoma?"

Jumatano, 12 Machi

Mama amepeleka habari. Dada amekuja kabla sijafika nyumbani, nimemkuta amekaa kwenye kiti changu, mwavuli unachuruzika kwenye zulia.

"Uso umezoeleka, mdogo wangu," aliniambia. "Watu wamekuzoea. Ya nini kuchokoza kidonda?"

Nilijua "watu" ni nani. Ni wakwe zake. Alipoolewa aliwaambia pua yake ni ya kuzaliwa, amefanana na mama, ambaye kweli ana kipua cha kushikwa kwa vidole viwili. Mimi waliambiwa nilianguka ngazini. Picha za zamani dada alizichukua "kuzitunza". Ndugu wa baba, wenye Mabomba yao usoni, waliambiwa harusi ni ya watu wachache. Nikirudi na pua ya baba, mama mkwe wake atauliza ni ngazi gani hizo zinazomrudishia mtu pua kubwa kuliko aliyoanguka nayo.

"Nahema kwa mdomo, dada," nilimwambia.

"Wangapi wanahema kwa mdomo," alisema.

Nimecheka, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Aliaga amefurahi, akidhani nimekubali.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Kulia limefunga. Kushoto kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Duka la miwani ninakofanya kazi lilijaa leo. Mvua huleta wateja, watu wanakanyaga miwani yao gizani umeme ukikatika. Nimenyoosha fremu mpaka vidole vikaota malengelenge. Yangu mwenyewe inateleza. Nimeiwekea vipedi vya puani, pedi juu ya pedi, ila pedi haina pa kuegemea, inashuka kila nikiinama. Mteja mmoja mzee akasema, "Fundi wa miwani, mbona yako inakukimbia?" Duka zima likacheka, na bosi akacheka zaidi, maana yule ni mteja wa siku nyingi. Nami nikacheka. Nimeizoea kazi hiyo ya kucheka, naona hata mshahara wake ningedai.

Jumanne, 25 Machi

Sijalala. Koo limekauka, kichwa kinagonga.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimefanya kosa la kifundi. Asiyefanya kazi yetu asingeweza kulifanya.

Mama mkwe wa dada alikuja dukani na Kitufe, mtoto pekee wa dada. Alipozaliwa pua yake ilikuwa kitufe kweli, ndipo jina likashika. Sasa ana miaka minne na kitufe kimefunguka. Daktari wa macho amemwandikia miwani kwa sababu ya makengeza. "Shikamoo mama," nilisema, akaitika vizuri, nikampakata mtoto nikamkalisha juu ya kaunta.

Watoto wa umri huo ni mtihani. Mgongo wa pua bado haujapanda, fremu inateleza mpaka mdomoni, unahangaika na pedi na kamba ya kisogoni, mtoto analia, mzazi anakutazama kama umemfinya. Kitufe nilimvisha fremu ya kwanza, ikakaa. Nikaitikisa, ikakaa. Nikamshusha nikamwambia aruke, akaruka, ikakaa. Mikono yangu ilifurahi kabla akili haijaamka, nikasema kama ninavyowaambia wateja wote wenye bahati hiyo, "Pua ya namna hii siku hizi adimu. Hii haihitaji hata pedi."

Mama mkwe aliweka mkoba chini.

"Hata mimi nasema ni adimu," alisema taratibu. "Kwetu haipo. Kwa mama yako haipo. Kwa dada yako haipo. Kwako..." Alinitazama katikati ya uso, kisha kwa adabu akahamisha macho. "Kwako hatujui, maana ngazi zilituwahi. Basi mwanangu, wewe ndiye fundi. Mtoto ameiokota wapi?"

Bosi alikohoa. Mteja aliyekuwa anangoja lenzi alianza kusoma gazeti la juzi kwa bidii.

"Watoto hubadilika, mama," nilisema.

"Hubadilika wakafanana na mtu," alinijibu.

Kitufe alinivuta nguo. "Mama mdogo, nimependeza?" Nikamwambia amependeza sana, na ilikuwa kweli. Ni uso wangu wa zamani ule, nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili, na nimenyamaza.

Jumapili, 30 Machi

Dada amekuja asubuhi na mapema, macho yamevimba. Safari hii hakukaa kwenye kiti changu. Alipiga magoti kabisa, na mama akiwa mlangoni.

"Ile operesheni," alisema. "Ifanye."

"Juzi ulisema uso umezoeleka."

"Ifanye yote. Hata ile ya ubavu."

Nikaona amejifunza. Mpaka gegedu la ubavu analijua, na bado hajaniuliza nalalaje. Akaeleza, na alieleza vizuri, kama mtu aliyekesha akipanga. Mimi niseme nilizaliwa na pua ya baba, nikaikata kwa tamaa za ujana, ikaharibika, nikaona aibu nikasingizia ngazi. Sasa nimejuta, nairudisha. Mama mkwe akiiona usoni kwangu atajua ni ya ukoo, na maneno ya kwamba Kitufe si wa mwanawe yatakwisha.

"Na wewe?" niliuliza.

"Mimi nimefanana na mama."

"Tulikatwa chumba kimoja, dada."

"Mimi nina mume," alisema. "Nina wakwe. Wewe unapoteza nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma. Alisema kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hakiuzwi na mtu yeyote. Nilimtazama mama nikitegemea angalau aseme "ebo!" Mama alikuwa na shuka mkononi.

"Kata pua uunge wajihi, mwanangu," alisema.

Nimeisikia methali hiyo tangu utoto, na leo ndiyo nimeelewa hesabu ya nyumba yetu. Mimi ndiye pua, dada ndiye wajihi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Yote mawili yamefunga. Mama ameacha chai mezani na hatujasemeshana.

Jumanne, 8 Aprili

Kitufe ameletwa kukaa nasi siku mbili. Dada anasema bibi yake, yule mama mkwe, hajisikii vizuri. Mtoto mwenyewe akanieleza bila kuulizwa, huku akichora: "Bibi hanipakati tena. Anasema mimi mzito." Mzito! Mtoto ambaye upepo ukivuma inabidi umshike mkono.

Nimemwogesha. Nilipompangusa uso alikunja pua, na mimi nikakaa chini kwenye sakafu ya bafu nikalia, maji yanamwagika. Bibi mtu mzima anamnunia mtoto kwa sababu ya pua! Na mimi nina uwezo wa kulimaliza kwa ubavu mmoja na uongo mmoja. Nimeshabeba uongo wa ngazi miaka yote hii, mwingine utanivunja mgongo?

Nimempigia dada. Nimemwambia nitafanya yote mawili na nitasema nilikata peke yangu. Nimemwomba neno moja tu: amwambie mumewe ukweli, yeye peke yake, chumbani kwao, mlango umefungwa.

"Hapana," alisema.

"Ni mumeo."

"Ndiyo maana nasema hapana."

Hata hivyo sijabadili nia. Kwa ajili ya mtoto nitakubali. Nimelala nikijiambia hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikuwa nimeshika simu kumwambia daktari, "Fanya zote," mlango wa duka ukafunguka. Mama mkwe, peke yake, amejitanda vizuri, uso umelainika. Aliegemea kaunta, akanishika mkono.

"Dada yako ameniambia yote," alisema kwa sauti ya msibani. "Tamaa mbaya, mwanangu. Kumbe ulikuwa na uso wako, ukaona wivu kwa uzuri wa dada yako, ukajikata. Mungu ni mwingi wa rehema. Nasikia sasa unairudisha."

Wivu. Hilo halikuwemo kwenye mpango. Dada ameongeza chumvi mwenyewe, na hakungoja hata nimpigie daktari.

"Basi tunangoja," aliendelea. "Tukiiona hiyo pua, mioyo itatulia. Mimi si mtu mbaya. Nataka tu kuona."

Bosi alikuwa anasikia. Yule mama aliniaga kwa upole, akachungulia kabati la fremu mpya, akatoka. Na mimi nikabaki nimesimama na simu mkononi. Wananingoja kama mteja anavyongoja fremu aliyoagiza akaambiwa apite Ijumaa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempigia daktari. Nimemwambia ya ndani tu.

Aliuliza, "Unakumbuka nilichosema? Hakuna mara nyingine."

"Nakumbuka."

"Mara ya kwanza uliniambia unataka uso wako."

"Nilisema hivyo."

Hakunibembeleza. Alisema basi, ubavu wangu utapona, na tarehe ni ishirini na nane.

Sijui kama hii ni akili au ni kukomoa. Nimejiuliza mchana kutwa nikisaga lenzi, na naona kuna kukomoa ndani yake, tena si kidogo. Ninataka dada afungue kinywa chake mwenyewe. Ninataka pua yangu, nzima au mbovu, isiwe shahidi wa mtu. Halafu namkumbuka Kitufe na bibi yake anayesema ni mzito, nami najiona mimi ni mtu wa roho mbaya kama wote waliomo kwenye habari hii. Lakini sijampigia daktari tena.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua ya mawe. Mama ameuliza kama daktari amekubali ya ubavu. Nimemwambia amepanga tarehe. Akafurahi, akanikunjia nguo zangu.

Jumanne, 22 Aprili

Kushoto limepitisha hewa dakika chache, kisha likakumbuka masika.

Ijumaa, 25 Aprili

Shemeji, mume wa dada, amekuja dukani kuchukua miwani ya Kitufe. Ni mwalimu wa chuo, mtu wa kuvaa shati lilelile mpaka limwombe radhi, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alingoja wateja waishe. Kisha akasema akiangalia kaunta:

"Shemeji, nyumbani wananiambia nisubiri pua yako. Mama anasubiri, mke wangu anasubiri. Mimi sitaki kusubiri pua. Nataka kukuuliza kama mtu mzima. Mtoto huyu ni wangu?"

"Ni wako," nilisema. "Kwa hilo naapa mbele ya yeyote. Pua ni ya marehemu baba yetu."

Alishusha pumzi. Nikaona mabega yake yameshuka pia, na ningeweza kuishia hapo. Angetoka ameridhika, dada angebaki na uzuri wake wa kuzaliwa, nami na wivu wangu wa kutungiwa.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Wewe ulizaliwa nayo, na dada yako akafanana na mama."

Nilichukua miwani ya Kitufe nikaanza kuinyoosha mkono wake, ingawa haikuwa na kasoro. Niliinyoosha upande mmoja, nikainyoosha upande wa pili. "Hilo muulize mwenyewe, shemeji," nilisema.

Yeye ni mwalimu, hakuhitaji ubao. Mvua inapiga bati, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilidhani atashukuru, ameshapata mwanawe. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimeoa uso wa daktari."

Akaondoka. Habari ya mtoto imesahaulika papo hapo, na miwani yake pia, imebaki mkononi mwangu.

Jumapili, 27 Aprili

Dada hapokei simu. Mama amekwenda kwake tangu jana, hajarudi. Nimepanga mkoba wa hospitali mwenyewe. Nimejipikia, nimekula, nimeosha sahani moja.

Alhamisi, 1 Mei

Naandika na bendeji usoni. Nilipelekwa na bosi, maskini, na aliyeningoja nje ni bosi. Nilipozinduka uso ulikuwa mzito na sikio la kushoto linawaka moto, lakini daktari aliinama akasema, "Imekaa." Kwake hilo ni shairi zima.

Bado nahema kwa mdomo, pamba zimejaa ndani.

Jumamosi, 3 Mei

Mama amekuja na habari zote, amezibeba kama mtu aliyetoka harusini.

Shemeji alimuuliza dada usiku uleule wa Ijumaa. Dada akalia, akasema yote, chumba, kisu, picha alizozificha. Shemeji akalala sebuleni siku mbili. Siku ya tatu akamwambia alimwoa yeye, hakuoa pua. Wamesameheana. Mama mkwe ameitwa, ameonyeshwa picha, ameona Mabomba mawili na sare za shule, amecheka mpaka machozi, amempakata Kitufe. Amesema dada alikuwa msichana wa kawaida na sasa ni mzuri, basi kosa lake nini hasa?

"Siku mbili," nilisema.

"Ndiyo, siku mbili tu!" Mama alipiga makofi. "Ila mwenzio amekukasirikia kidogo. Na mkwe wake pia. Wanasema wewe ulikuwa unajua tangu mwanzo, ukamshika mtoto pua palepale dukani ukanyamaza. Ungesema mapema tusingefika huku. Kaombe radhi, mwanangu, yaishe. Utakwenda ukitoa hiyo bendeji, watu waione pua."

Nilitaka kumwambia hakuna pua ya kuona. Koo lilikuwa limekauka, nikanywa maji kwanza, na nilipomaliza kunywa mama alikuwa ameshahamia kwenye habari za mapazia ya dada.

Siku mbili, na hakuna nyumba iliyovunjika. Ningengoja wiki mbili tu kabla ya kumpigia daktari, ningekuwa na mgongo wangu wa pua leo, bila uongo wa mtu juu yake. Lakini mimi nilikuwa nangoja dada afungue kinywa, naye alikuwa anangoja pua yangu ifike.

Jumatano, 7 Mei

Pamba zimetolewa. Siwezi kuandika lilivyokuwa jambo lile. Daktari alisema, "Funga mdomo." Nikafunga. Alingoja akinitazama, mikono yake midogo imekunjwa tumboni, nami sikufa. Nilikaa pale kwenye kiti mdomo umefungwa mpaka mgonjwa wa pili akagonga mlango.

Ijumaa, 9 Mei

Bendeji ya nje imetoka leo. Mama alisisitiza anisindikize, na kwenye teksi alikuwa anapanga siku ya kwenda kwa dada. Daktari alibandua plasta taratibu, akanisafisha, akasogea pembeni ili mama aone.

Mama aliona. Alisogea, akavaa miwani yake niliyomtengenezea mimi, akaona tena. Mgongo umezama palepale ulipozama.

"Mbona iko vilevile?" alimuuliza daktari, hakuniuliza mimi.

"Ndivyo alivyotaka," alisema daktari.

Mama akanigeukia, na kwa mara ya kwanza masika yote haya alikuwa hana nguo ya kukunja. "Yaani umelala chini ya kisu bure?"

"Mama," nilimwambia, "jana nimelala chali. Mdomo umefungwa. Mpaka asubuhi."

Alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli, mkono wake begani kwangu. "Lakini mwanangu," alisema, "nani anakuona ukilala?"